Mwanangu Haitwi kwa Namba

2 Februari

Mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Hivi wewe una miguu, au umeikopesha? Tangu tumzike mama yako hujakanyaga hapa. Siku ya mazishi yenyewe ulikuja na kuondoka, hata maji hukunywa, ukasema kazi, ukapanda gari. Nikajisemea, mwache, ana uchungu. Lakini ni uchungu gani huo usioijua njia ya nyumbani? Mimi niliyemzaa nipo hapahapa, nalala chumba kinachopakana na chake, na sijafa. Mwanaume anayemtelekeza mke wake mzee muda wote huu anaitwaje huko mjini? Nitatafuta mume mwingine, usije ukasema sikukuambia. Muuza mkaa anapita kila Jumamosi na ana baiskeli mpya.

Baada ya kukusema, sasa nakusalimu. Hujambo? Unakula? Bado mnakaa kwenye kile chumba cha giza mnakatakata video za harusi za watu? Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linanisumbua, na la kulia limeona wivu nalo limeanza. Mjomba wako amepaka rangi mlango wa mbele. Ni ya kijani, mbaya kweli, nimemwambia ni nzuri kwa kuwa alijitolea. Paka wa jirani amehamia kwetu bila ruhusa ya mtu.

Naandika kwa sababu kwenye simu wewe ni "niko salama, Bibi," halafu mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Shule sikwenda hata siku moja, unajua. Herufi hizi niliziiba kwa mama yako alipokuwa mdogo, yeye anaandika mezani, mimi namenya viazi huku nachungulia. Ukiona kosa, mlaumu mwalimu wangu.

Sasa jambo lenyewe. Mdogo wako anaolewa Agosti na yule fundi bomba wake. Kijana mzuri, anakula vizuri, haongei ovyo. Mdogo wako ana ombi moja tu. Anataka mama yake awepo siku hiyo. Hataki picha ya kutundika, anataka aonekane ukutani, mkubwa, anasogea, na sauti yake isikike. Wewe ndiye uliyempiga zile video akiwa kwenye cherehani chake, ulipokuja mara ya mwisho yu hai, ukasema unamtengenezea filamu yake. Iko wapi? Mdogo wako anaogopa kukuuliza. Mimi siogopi.

Mkeo uliyemtelekeza,
Bibi


27 Februari

Bibi yangu, mke wangu wa pekee,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kazini, nikacheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akavua hedifoni kuniuliza kuna nini. Muuza mkaa mwambie nitatoboa matairi yake. Mimi mzima. Nimehamia chumba chenye dirisha, linatazama ukuta, lakini ni dirisha. Kazi zimejaa. Goti ulikande kwa maji ya moto, na usipande kwenye kiti kufikia kabati la juu, najua unapanda.

Kuhusu filamu ya mama. Nilikuwa nimeianza na nilifika mbali, yeye mwenyewe akiwa bado hai. Video zote zilikuwa kwenye diski yangu nyeusi. Baada ya kusoma barua yako nimeichomeka kwenye kompyuta, ikalia kama panzi, haikufunguka. Imekufa, Bibi.

Lakini kwako niliacha nakala, unakumbuka? Diski ya kijivu, saizi ya kipande cha sabuni, niliiweka kabatini kwako chini ya mashuka. Nitumie kwa dereva wa gari la mizigo. Programu ya kuhariri bado inakumbuka nilivyopanga kila kipande. Nikichomeka hiyo diski itaziona video zake yenyewe, na nitaendelea pale nilipoishia. Ni kazi ya mchana mmoja tu.

Mwambie mdogo wangu asiogope. Na nitakuja, kazi ikipungua.

Mumeo


9 Machi

Mume wangu,

Marahaba. Diski nimempa dereva. Iko ndani ya soksi, soksi iko ndani ya kopo la majani ya chai, na kopo nimelifunga kamba. Dereva akaniuliza kama ni bomu. Nikamwambia ni mwanangu, aendeshe taratibu. Soksi uirudishe, ina mwenzake hapa.

Mashuka nimeyafikia bila kiti. Nilipanda ndoo.

Mjomba wako anauliza kama umesikia habari za mlango wake. Umsifie, anangoja. Paka ana mimba, ndiyo maana alihamia.

Humo ndani ya diski usihangaike kupangapanga vitu. Nimeshakupangia. Utaona mwenyewe, utanishukuru.

Unasema kazi ikipungua. Mama yako naye alikuwa akisema atapumzika kazi ikipungua.

Bibi


30 Machi

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kopo limefika, soksi nimeifua. Mwambie mjomba nimesikia mlango una rangi isiyosahaulika.

Bibi, nani ameigusa diski?

Nimeichomeka, nikafungua filamu, skrini nzima ikawa nyekundu. Kila kipande kinaandika maneno yaleyale: faili haipatikani. Nikadhani nayo imeharibika. Nikaifungua kuangalia ndani, nikakuta video zipo lakini folda zangu zote hazipo. Kamera huzipa video majina yake yenyewe, herufi na namba, kuanzia ya kwanza kwenda mbele. Sasa naona folda inaitwa JIKONI, nyingine UANI, nyingine CHEREHANI. Nafungua, nakuta video inaitwa "Anamsema paka". Inayofuata "Amechoka". Inayofuata "Amechoka lakini hasemi".

Ngoja nikueleze. Ile programu haibebi video ndani yake. Inakumbuka mambo mawili tu, video inaitwa nani na inakaa wapi. Ukiibadilisha jina na ukaihamisha nyumba, programu inakwenda mpaka mlangoni, inabisha hodi, inaambiwa hapa hakuna mtu huyo, inarudi mikono mitupu. Sasa inabidi niishike mkono niionyeshe moja baada ya nyingine, huyu uliyemjua kwa namba fulani siku hizi anaitwa hivi. Tunaita kuunganisha upya. Na vipande ni vingi, sijui kipi ni kipi.

Sijakasirika. Nataka tu kujua ni nani.

Mumeo


8 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Umekasirika. Mtu ambaye hajakasirika haandiki kwamba hajakasirika.

Ni mimi. Usimtafute mwingine. Niliichukua ile diski nikaenda nayo kwa Fundi Miwani, yule anayetengeneza simu pale kona, nikamwambia fungua nimwone mwanangu. Akafungua. Nikaona mstari wa namba unashuka chini, kama wafungwa wamepangwa. Nikamuuliza, mwanangu yuko wapi hapa? Akasema, "Mama, wote hao ndiyo yeye." Nikamwambia basi leo hatutoki. Mwanangu haitwi kwa namba. Jina nilimpa mimi, hajatoka hata mabega, mkunga akasema mama sukuma kwanza, nikasema nasukuma huku namtaja.

Basi tukakaa. Fundi Miwani anafungua, mimi natazama, namwambia hapa anafanya hivi, yeye anaandika. Wateja walikuja wakaambiwa warudi kesho. Siku nyingine nilimpelekea chai, maana alikuwa ameanza kusinzia. Za jikoni tukaziweka pamoja, za uani pamoja, kama mtu anavyopanga vyombo.

Na hiyo programu yako, samahani, haina akili. Mama yako alinyoa nywele, akazifuga, akaolewa, akahama nyumba, akarudi, akakonda mpaka nguo zikamkimbia. Mimi nilikuwa namjua kwa mlio wa kandambili zake kabla hajafika kwenye ngazi. Ni kitu gani hiki kinachomjua mtu kwa jina na anwani tu, basi? Ukimbadilisha shuka tu hakimjui?

Lakini nimeelewa kwamba nimekuongezea kazi. Kwa kazi niliyokuongezea, pole. Kwa majina, sisemi pole.

Mdogo wako ameanza kuniangalia kila posta inapofika. Nimemwambia kaka yako anashughulika. Usinifanye mwongo, uzee huu.

Bibi


20 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukaa kimya. Najua ulichosema nilipokuwa kimya, karibu nakisikia. Kazini tulikuwa na mambo mengi. Mimi mzima, nimenunua sufuria ya pili.

Nina habari njema. Wewe ulikuwa unaitukana programu, lakini ukanikumbusha kitu. Kamera, kila inapopiga, inaandika saa yake ndani ya video yenyewe. Jina unaweza kulibadilisha, folda unaweza kuihamisha, ile saa inabaki humohumo. Nikaiambia programu iachane na majina, ifuate saa ya kamera. Bibi, nyekundu zikaanza kuondoka. Moja, tatu, safu nzima. Kama mtu anafungua madirisha.

Zingine zilikataa kuingia kabisa, na kosa ni lako. Kompyuta ina kipimo cha urefu wa jina. Wewe kuna moja umeiita "Siku ile alipokataa kula nikamwambia nitamlisha kwa kijiko kama mtoto akanikasirikia kidogo". Hilo si jina, ni hadithi. Fundi Miwani alikuandikia kila ulichotamka. Naomba ruhusa ya kuyafupisha.

Nimemwona mama amevaa gauni lake la bluu lenye mfuko mmoja. Pini ziko mdomoni, chaki iko nyuma ya sikio, nywele kazifunga kitambaa cheupe. Anakata kitambaa cha maua, anageuka, anakitazama kwenye mwanga wa mlangoni, anarudi. Mikono yake ilikuwa bado minene wakati ule.

Agosti itanikuta tayari.

Mumeo


1 Juni

Mume wangu,

Marahaba. Ulipokuwa kimya nilisema mambo mabaya zaidi ya hayo unayoyadhani.

Mdogo wako amepata kiatu, kinambana, anasema kitalegea. Nimemwambia kiatu hakilegei, mguu ndio unaozoea shida. Paka amezaa kwenye kapu la nguo zangu safi. Mjomba wako amepaka na dirisha sasa.

Kufupisha, fupisha. Lakini lile neno "kidogo" libaki. Alinikasirikia kidogo. Asije mtu akasoma akadhani tuligombana.

Sasa nisikilize. Barua yako nimeisoma, nikaisoma tena, nikaenda kuanika nguo, nikarudi nikaisoma. Gauni, mfuko, pini, chaki, kitambaa cheupe. Yote ni ya macho. Mama yako alikuwa hanyamazi. Akikata anaongea, akishona anaongea, akiwa na pini mdomoni ndiyo kabisa, anaongea kwa upande mmoja. Hiyo ya kitambaa cha maua naijua, anakutaja wewe humo. Mbona huniambii alichosema?

Mimi si programu yako. Sikujui kwa jina na anwani. Nimekuogesha. Najua unavyokaa ukiwa umeficha kitu, na hata barua zako zimekaa hivyo. Nijibu kama mtu mzima, na usiniletee habari za kompyuta.

Bibi


14 Juni

Bibi,

Shikamoo.

Nilikuwa nimezima spika.

Tangu mwanzo. Vipande vyote nimeviunganisha bila sauti, natazama midomo yake inakwenda kama samaki kwenye chupa. Na ile diski nyeusi, kabla ya barua yako ya kwanza, sikuwa nimeigusa tangu msiba. Huenda ilikufa zamani, sikuwa nataka kujua. Mwezi wa Aprili na huu uliopita hakukuwa na kazi nyingi kazini. Nilikuwa nafungua filamu ya mama, naona nyekundu, nafurahi. Maana ikiwa nyekundu, haisemi.

Ulipoandika vile nilikuwa nimebakiza vipande vichache, vibishi. Nadhani siku niliyovipiga nilitoa betri ya kamera nikairudisha, saa yake ikaanza upya, kwa hiyo huko hakuna cha kufuata. Tena nilivipiga kwa ubora mkubwa ambao programu yetu ya kazini, ya zamani, haiuelewi. Sauti inaingia, picha inakuwa nyeusi. Majina yako nayo hayakunisaidia, vyote umeviita "Yuko vizuri leo". Hakukuwa na namna ya kujua kipi ni kipi ila kusikiliza.

Nikavaa hedifoni. Skrini nyeusi tii. Mama akasema, "Huyu anapiga picha au ananichungulia? Una mikono miwili yote imeshika kamera. Hebu njoo ushike kitambaa hapa."

Nikasimama, Bibi. Nilisimama kabisa, nikasukuma kiti nyuma. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza nakwenda wapi.

Baadaye nikavisikiliza vyote. Picha nazo nimezirudisha, nimezigeuza kwenye muundo ambao programu inaweza kuusoma. Kile cha kitambaa cha maua pia nimekisikia, anavyonitaja. Tutaliongea tukionana.

Imebaki nyekundu moja, mwisho kabisa wa filamu. Niliipanga pale bila kuitazama yote, ili imalizie. Ni ile ambayo anacheka. Kwenye zingine zote anatania watu, anakusema wewe, anamsema paka, lakini hacheki. Unajua alivyokuwa, kumchekesha ilikuwa kazi, lakini akianza hana breki. Nakumbuka nilikuwa nimesimama mlangoni, namtazama yeye tu, na kamera ikatikisika, sikuona kilichomchekesha. Nimeitafuta kwenye diski kila folda, kwa jina, kwa saa, kwa ukubwa. Haipo. Muulize Fundi Miwani kama aliifuta kwa bahati mbaya.

Mumeo


22 Juni

Mume wangu,

Marahaba. Niliposoma ulivyosimama, mimi nilikaa chini.

Habari za hapa ni nzuri. Paka wadogo wamefungua macho. Mmoja mweusi, wawili madoadoa, na mmoja sijui ameitoa wapi rangi ile, mama yake anajua. Wa madoadoa mkubwa anapanda pazia. Nimemwambia mjomba wako awatafutie pa kwenda, akasema atawapaka rangi kwanza, eti utani. Huyu mdogo anapenda kulala ndani ya kiatu cha mdogo wako kile kinachobana, kwa hiyo angalau kuna mtu kinamtosha. Kapu nimelifua. Maziwa wanakunywa kama wamelipia. Goti limepona. Mvua imenyesha vizuri, uani kumeota majani, nitayang'oa.

Hiyo moja iache. Filamu inatosha kama ilivyo. Na Fundi Miwani usimsumbue kwa maswali, macho yenyewe mabovu.

Kula vizuri.

Bibi


1 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo. Umeniandikia barua nzima ya paka. Wewe paka huwapendi.

Jana nimempigia mdogo wangu simu, tumeongea sana, mara ya kwanza tangu msiba tumeongea kitu zaidi ya kuulizana kama tumekula. Nikamuuliza kuhusu siku ile. Anaikumbuka. Alikuwa nje anamwaga maji, akasikia mama ndani, akadhani analia, akakimbia kuja. Alipofika mama alikuwa amelalia cherehani, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, hawezi kuongea. Wewe ulikuwa umeziba mdomo wako kwa mkono na ukamfukuza. Alichochekea mama hakuna aliyemwambia mpaka leo.

Nikueleze filamu inavyoisha sasa bila kipande hicho. Mama anakata uzi. Anakunja kitambaa. Anainuka, anapita mbele ya kamera, anatoka mlangoni. Halafu giza. Nimejaribu kupanga kwa njia nyingine zote, haikubali, kila nikigeuza inaishia mama anaondoka. Mdogo wangu ameshamwona mama akiondoka mara moja. Sitaki nimwonyeshe tena, na siku ya harusi yake.

Kwa hiyo nakuuliza ulivyoniuliza. Nijibu kama mtu mzima, na usiniletee habari za paka. Unacho?

Mumeo


9 Julai

Mume wangu mjuaji,

Marahaba. Ninacho.

Kiko kwenye kadi ndogo ndani ya simu yangu. Fundi Miwani alikihamisha kwa amri yangu na akala kiapo, ndiyo maana nilikukataza usimuulize, angekuambia mara moja, hana kifua.

Nikupe yote basi. Siku ile mama yako alikuwa anamalizia gauni la mwalimu mkuu. Mkasi ulikuwa umepotea, alikuwa ameukalia. Nikamwambia lete huo uzi nikukatie kwa meno, mikono yako imechoka. Akasema, "Mama, hayo meno si yako, ni ya daktari." Nikamwambia nimeyavaa mimi, ni yangu. Nikauma. Uzi ulikuwa ule mgumu wa kushonea mifuko. Nikavuta. Meno yakatoka yote ya juu, yakabaki yananing'inia kwenye uzi, kwenye pindo la gauni la mwalimu mkuu, yanayumba. Mama yako akayatazama. Akanitazama mimi. Nilitaka kumwambia asithubutu kucheka, lakini bila meno nilisema kitu kingine kabisa, hata mimi sikukielewa. Ndipo akaanza.

Tangu aanze zile dawa za ugonjwa uliomwondoa hakuwa amecheka. Nilikasirika, nikaziba mdomo, nikamfukuza mdogo wako, kisha nikaona kicheko chenyewe hakiishi, nikaacha kukasirika.

Wewe utasema bibi anaona haya, hataki wakwe wamwone ufizi ukutani, mkubwa kama mlango. Ni kweli, sitaki. Mama wa yule fundi bomba ana meno yake yote na anayaonyesha. Lakini si hilo tu. Kile kipande nakisikiliza asubuhi kabla sijaweka mguu chini. Nyinyi mtakuwa na filamu nzima, mtaonyeshana, mtalia pamoja. Mimi nilitaka kitu kimoja ambacho hakijapangwa mahali na hakichezwi mbele ya watu. Basi niliposoma kwamba kila ukigeuza anaondoka, nikajua nimekalia kitu kisicho changu peke yangu.

Mdogo wako apewe. Mama aliyecheka vile alimcheka mama yake mbele ya mtoto wake, ni halali yetu sote.

Lakini kadi hii simpi dereva. Ni ndogo kama ukucha, soksi haiwezi kuitunza. Fundi Miwani anasema kipande kinaweza kutumwa kwa simu, ila kinafika kimepungua. Sitaki kipungue hata kidogo. Kitachukuliwa kwa mkono, na mkono ni wako. Usiniandikie kwamba kazi ikipungua. Kuna mtu wa meza ya pili, mwachie.

Ukifika usianze kusalimia mtaa mzima. Pita moja kwa moja mpaka chumba cha mbele, weka kompyuta yako juu ya meza ya cherehani, vitambaa nimeshaviondoa. Mjomba wako nitamtuma mbali, na mdogo wako asiwepo, yeye atakiona siku yake. Chomeka kadi, washa spika, weka sauti juu mpaka jirani asikie. Tutakitazama wawili tu, na ukitaka kulia lia, taulo nitaweka. Kisha ufanye kazi yako, na meno yangu uyaache yayumbe. Kwingine kote kata unapotaka, sitakuuliza. Hapo usikate mpaka amalize kucheka.

Bibi